UZI: Picha ya kijivu kwenye leza, iandae kwa ajili ya ubao, siyo kwa ajili ya skrini

MkaaNaMasizi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kuna swali halichoki kurudi humu: picha kwenye kompyuta inapendeza, ikishachongwa uso umegeuka doa jeusi na macho hayaonekani. Majibu huwa ni yaleyale, punguza nguvu, ongeza kasi, futa lenzi. Sikatai, yanaweza kusaidia. Ila mara nyingi mashine haina kosa, picha ndiyo haijaandaliwa. Nafungua uzi huu tulimalize. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Picha ya kijivu ya biti 8 ina viwango 256, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 ambayo ni nyeupe pe. Ubao hauna nyeupe pe. Nyeupe yake ni rangi aliyozaliwa nayo mti, na nyeusi yake ni mkaa, ambao nao mara nyingi ni kahawia tu iliyokolea. Katikati hapo ukipata vivuli vinane au kumi ambavyo jicho linavitofautisha bila ubishi, shukuru. Kwa hiyo kazi nzima ya kuandaa picha ni kuamua ni sehemu zipi za picha zinastahili kupewa hivyo vivuli vichache. Skrini haiwezi kukusaidia kuamua, maana yenyewe inavyo vyote.

Ndiyo maana nasema anza na ubao. Tengeneza ngazi ya kijivu: visanduku 16 kwenye mstari mmoja, cha kwanza 0, cha pili 17, cha tatu 34, hivyo hivyo hadi 255. Ichonge kwenye kipande cha ubao uleule utakaoutumia, kwa kasi na nguvu ileile, kwa fokasi ileile. Halafu ipeleke kwenye mwanga wa mchana uitazame vizuri. Karibu kila mara utakuta upande mweupe visanduku viwili vitatu havijaacha alama yoyote, na upande mweusi vinne vitano vimeungana kuwa weusi mmoja. Mti ndivyo ulivyo. Hauivi kidogo kidogo kadiri unavyouongezea joto. Unakaa kimya, ghafla unabadilika rangi, na ukishaanza unakimbilia mkaa. Juu ya hapo joto linasambaa pembeni ya nukta, kwa hiyo kila nukta inatoka nene kuliko ilivyochorwa.

Tuseme ngazi yako imekuonyesha kwamba kila kitu chini ya 70 kinatoka weusi mmoja na kila kitu juu ya 225 kinapotea. Basi fungua picha kwenye GIMP au programu yoyote ya kuhariri picha uliyonayo, nenda sehemu ya viwango, na ile mizani ya chini, ya matokeo, isogeze hadi 70 na 225. Picha itapauka kwenye skrini, itaonekana kama imefunikwa na ukungu. Iache hivyohivyo. Ubao utaurudisha weusi wenyewe. Baada ya hapo inua gama, yaani mwangaza wa vivuli vya katikati, kidogo kidogo ili mashavu na paji la uso vitoke gizani. Kitu pekee ninachokiacha 255 kamili ni mandharinyuma, na mara nyingi mandharinyuma naiondoa kabisa. Ukuta wa kijivu nyuma ya mtu unakula muda, unaleta moshi, na haumfaidishi mtu yeyote.

Kuhusu kuigeuza picha ya rangi kuwa ya kijivu, watu wanabonyeza tu na kupita. Hapo pana mtego. Fomula inayotumika sana inachukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya bluu. Piga hesabu: nyekundu kamili (255, 0, 0) inageuka kijivu 76. Kijani cha wastani (0, 130, 0) nacho kinageuka 76. Yaani ua jekundu juu ya majani, ambalo kwenye rangi linakurukia machoni, kwenye kijivu limezama lote. Dawa yake ni kuchanganya chaneli, yaani tabaka za nyekundu, kijani na bluu za picha, kwa mkono. Kwa uso wa mtu, chaneli nyekundu ndiyo inayoing'arisha ngozi na kuficha madoa, iwe ngozi nyeusi au nyeupe. Ya kijani ina undani mwingi. Ya bluu mara nyingi imejaa chembechembe, iguse kwa tahadhari.

Ukubwa. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo ukichonga kwa nafasi ya 0.1 mm kati ya mistari ni nukta 254 kwa inchi, na picha ya upana wa 100 mm inahitaji pikseli 1000. Hazihitajiki zaidi. Watu wanaweka 0.05 mm wakidhani wanaongeza ubora, kumbe mwale wao una upana wa 0.12. Mistari inapandana, ubao unaungua mara mbili, na kila kivuli kinahamia gizani. Chonga visanduku vya nafasi tofauti, kuanzia 0.06 hadi 0.15, utazame kwa lenzi ya kukuzia. Kile ambacho mistari yake imegusana bila kupandana ndicho chako.

Mwisho ni kunoa kingo. Noa mpaka uone aibu. Kope, nywele na mkunjo wa nguo viwe vikali kuliko unavyopenda, kwa sababu moto utavilainisha. Mimi hunoa mara mbili, kwanza kwa duara pana la pikseli 30 hivi kwa kiasi kidogo ili maeneo yatengane, kisha kwa duara la pikseli moja au mbili kwa nguvu zaidi.

Nawasilisha. Ditheringi, yaani kuivunja picha ya kijivu iwe nukta nyeusi na nyeupe tu, nimeiacha makusudi, najua italeta maneno.

---

Kijivu128

Mkuu umeeleza vizuri, ila hilo la ditheringi usilikimbie. Mimi nasema kwenye leza za diodi hatuihitaji. Mwale wa diodi unapanda na kushuka haraka sana, kwa nini niivunje picha iwe nukta wakati mashine inaweza kubadilisha nguvu pikseli kwa pikseli? Hali ya kijivu kwenye mbao laini isiyo na mishipa mingi inatoka laini, haina zile chembe za gazeti.

---

MkaaNaMasizi

Kijivu128, hapo kwenye diodi tuko pamoja nusu. Ni kweli diodi inaitikia haraka. Lakini ukitumia nguvu kutengeneza vivuli, unaukabidhi mti kazi yote ya kuamua, na nimeshasema mti unaruka kutoka kimya hadi mkaa. Ukikutana na mshipa mgumu, kivuli kinabadilika katikati ya shavu. Msonobari ndio mbaya kabisa kwa hili, pete zake za ukuaji zinajichora zenyewe juu ya sura ya mtu.

Ditheringi inauliza swali jepesi zaidi: hapa choma, hapa usichome. Kivuli kinatokana na wingi wa nukta, siyo ukali wa nukta. Mti usioaminika unaweza kujibu swali la ndiyo au hapana.

---

Fundi_Bomba

Na sisi wa leza ya CO2, ile ya bomba la kioo lenye gesi, hatuna hata hiari. Bomba haliwaki vizuri chini ya kiwango fulani cha mkondo. Ukiliagiza asilimia 4 linazima au linadundadunda, na halishuki haraka kama diodi. Vivuli vyote vyepesi vinapotea au vinatoka na mabaka. Kwangu ditheringi tu, nguvu moja, basi. Wenye mabomba ya RF, yanayowashwa kwa mawimbi ya redio, hiyo shida wanaisikia kwa majirani.

---

Nukta_Nundu

Naomba kueleweshwa jambo moja wakuu. Kwenye LightBurn, programu ya kuendeshea leza, kuna orodha ndefu ya aina za nukta za ditheringi. Jarvis, Stucki, Atkinson, na nyingine. Mimi huchagua tu ile iliyokuja nayo. Kuna tofauti ya kweli au ni mapambo?

---

MkaaNaMasizi

Ipo tofauti, na ukiona hesabu yake mara moja hutaisahau. Robert Floyd na Louis Steinberg walichapisha njia yao mwaka 1976, na nyingi zilizofuata ni ndugu zake. Chukua pikseli yenye thamani 100. Iko chini ya 128, kwa hiyo inakuwa nyeusi, yaani 0. Lakini ilistahili 100, sisi tumeipa 0, tunadaiwa 100. Deni hilo linagawiwa majirani ambao hawajafikiwa: wa kulia anapewa sehemu 7 kati ya 16, karibu 44. Wa chini kushoto sehemu 3, karibu 19. Wa chini yake moja kwa moja sehemu 5, kama 31. Wa chini kulia sehemu 1, kama 6. Jirani wa kulia akiwa naye ni 100, sasa ni 144, anakuwa mweupe, na deni lake linageuka upande wa pili. Hivyo eneo zima linabaki na wastani uleule wa kijivu ingawa kila pikseli ni nyeusi au nyeupe.

Jarvis na Stucki wanagawa deni kwa majirani 12 badala ya 4. Miteremko inatoka laini zaidi, michirizi kama minyoo inayojitokeza kwenye anga au shavu inapungua, ila undani mdogo sana unalegea kidogo.

Atkinson, aliyoitengeneza Bill Atkinson wa Apple kwa ajili ya kompyuta zao za mwanzo, ina ujanja wake: inagawa sehemu 6 tu kati ya 8 za deni, robo inaisamehe. Matokeo yake kontrasti inapanda, meupe yanakuwa meupe zaidi na meusi yanajaa. Kwenye ubao unaoungua kupita kiasi ile nafasi tupu katika meupe inasaidia sana, ila kwenye vivuli vizito uwe macho, inaweza kuyafunga meusi. Kwa nyuso mimi huanza na Jarvis au Stucki. Kwa mchoro wenye kingo kali, nembo yenye kivuli, jengo, naenda Atkinson.

---

Kijivu128

Hilo la deni limeingia. Sawa, kwa mbao zenye mishipa nimekubali. Kwenye mbao iliyolala vizuri bado nitabaki na kijivu changu, mkinitenga mnitenge.

---

DadaSleti

Mimi nachonga zaidi kwenye jiwe la sleti na mnaongea mbao tu kama vile dunia yote ni mti. Sleti ni kinyume. Mwale ukiipiga inatoa alama nyepesi ya kijivu, kwa hiyo unachochoma ndicho kinachong'aa. Picha lazima igeuzwe, nyeusi iwe nyeupe. Plastiki nyeusi ya akriliki, ile ya kumimina, nayo ni hivyohivyo kwenye CO2, inatoka na ukungu mweupe. Alumini iliyoanodishwa pia.

Sasa tahadhari: watu wanageuza kwenye GIMP, halafu wanabonyeza tena kitufe cha kugeuza kwenye programu ya mashine. Imegeuzwa mara mbili, mtu anatoka kama negativi ya zamani, meno meusi. Geuza sehemu moja tu.

Na ile ngazi ya visanduku 16 mliyoisema, kwa sleti irudieni upya baada ya kugeuza. Viwango ulivyopata kwenye mbao havifai kwenye jiwe. Jiwe lina vivuli vichache hata kuliko mbao, likishang'aa limeng'aa. Mimi napeleka picha yenye kontrasti kubwa na nukta za nafasi pana kidogo, maana chembe za jiwe zenyewe ni kubwa. Nikimaliza naosha vumbi kwanza ndipo nahukumu. Vumbi linadanganya.

---

MkaaNaMasizi

Dada umenena. Naongezea kwa wenye diodi ya bluu: akriliki isiyo na rangi mwale unapita katikati yake kama haupo, kwa hiyo msihangaike na picha mkidhani ndiyo tatizo. Na yeyote atakayeletewa plastiki asiyoijua, aulize kwanza kama ni PVC. PVC haichomwi. Inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inaharibu mapafu na kuozesha mashine.

---

Mtumiaji_Mpya77

Nimefuatilia uzi toka juu, asanteni sana. Swali langu: wateja wananitumia picha kwenye simu, ukiifungua ina pikseli 600 tu na imejaa visanduku visanduku. Wanataka upana wa 200 mm. Nifanyeje?

---

Fundi_Bomba

Mwambie aitume kama faili, asiitume kama picha. Programu za ujumbe zikipewa picha zinaibana. Ikishabanwa imeshabanwa.

---

MkaaNaMasizi

Fundi_Bomba amemaliza nusu ya kazi. Hivyo visanduku unavyoviona ni kwa sababu JPEG inaigawa picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuvibana kimoja kimoja. Kwenye skrini ndogo huvioni. Ukiinoa, kingo za vipande nazo zinanoleka, na ditheringi inazichora kwa bidii yote kana kwamba ni sehemu ya sura.

Kama hakuna faili bora zaidi, ondoa chembechembe kwanza, kisha ikuze, kisha noa kidogo sana. Huo ndio mpangilio, ukiubadilisha unakuza uchafu. Na umwambie mteja ukweli: pikseli 600 kwa nafasi ya 0.1 mm ni 60 mm. Ukienda 200 mm kila pikseli yake inabidi izae zaidi ya tatu, na kompyuta inabahatisha tu hizo za nyongeza. 90 hadi 100 mm inaweza kupita kama ni uso mmoja umejaa kwenye fremu. Kundi la watu kumi, usimpe matumaini.

---

Nukta_Nundu

Nyongeza ndogo kwa wenye GRBL, programu iliyo ndani ya bodi ya mashine nyingi, maana kuna tatizo linafanana na picha mbaya lakini siyo picha. Picha nzima inatoka nyeusi, hata ngazi ya kijivu visanduku 12 kati ya 16 ni vyeusi sawa. Angalieni mpangilio wa $30 kwenye GRBL. Hiyo ndiyo namba ambayo mashine inaichukulia kuwa nguvu kamili. Kama mashine imewekwa 255 na programu inatuma hadi 1000, basi chochote kuanzia robo ya nguvu kwenda juu ni nguvu kamili. Namba hizo mbili lazima zilingane. Na $32, inayowasha hali ya leza, iwe 1, la sivyo mashine inasimama kidogo kila nguvu inapobadilika, inaacha vidoa kila mahali.

---

Kijivu128

Hapo kwenye GRBL, mimi mashine inakwama kwama kwenye hali ya kijivu nikizidisha kasi. Inasikika kama inakohoa, na panapokwama panatoka alama nyeusi. Ni hiyo $32?

---

Nukta_Nundu

Kama $32 iko sawa, basi ni waya wa USB umejaa. Kwa kasi ya mawasiliano ya biti 115,200 kwa sekunde inapita kama herufi 11,520 kwa sekunde. Amri moja ya pikseli moja ni herufi kama 9. Kwenye karatasi ni amri 1,280 kwa sekunde, yaani kwa pikseli za 0.1 mm ni 128 mm kwa sekunde, na uhalisia uko chini ya hapo kwa sababu bodi lazima isome kila amri na kujibu. Kwenye kijivu karibu kila pikseli ina nguvu yake, kwa hiyo kila pikseli ni amri. Kwenye ditheringi maeneo meupe au meusi yanaunganishwa kuwa amri moja, mzigo unapungua. Punguza kasi au panua nafasi. Na hakikisha unatumia amri ya M4 ya kuwasha leza, ili mashine inapopunguza mwendo nguvu nayo ishuke. M3, inayoshikilia nguvu ileile, ndiyo inayokuachia alama nyeusi panapokwama.

---

Kijivu128

M3. Imekuwa M3 muda wote. Nashukuru mkuu.

---

DadaSleti

Kuna mteja anataka sura ya mama yake ichongwe kwa kina, iinuke kama sarafu. Ana picha ya kawaida. Naweza kuigeuza kijivu nikachonga kwa kina?

---

MkaaNaMasizi

Hapana dada, na hili linawaangusha wengi kwa sababu faili zote mbili zinaonekana kijivu. Kwenye picha, kijivu ni mwanga. Kwenye ramani ya kina, kijivu ni urefu. Ukiichonga picha kwa kina, nywele nyeusi zinakuwa shimo, kivuli cha pua kinakuwa handaki, na jicho jeupe linainuka juu ya shavu. Unahitaji faili iliyotengenezwa kutoka kwenye umbo lenyewe la 3D.

Ukiipata, iombe ya biti 16, yenye viwango 65,536. Biti 8 kwa kina cha 3 mm, kila kiwango ni kama 0.012 mm, inasikika ndogo. Lakini shavu lenye mteremko mpole linaweza kutumia viwango 20 tu kwenye upana wa 20 mm. Kila milimita moja kuna ngazi. Jicho litaziona zote, kama matuta ya shamba la mlimani. Na humo ditheringi, kunoa na kontrasti vyote tulivyosema juu havihusiki kabisa. Ramani ya kina hainolewi.

---

Mtumiaji_Mpya77

Wakuu nimerudi. Nimefuata kila kitu, nimetia nukta kwenye GIMP, nikahifadhi JPEG, nikaiingiza kwenye LightBurn na kuipunguza kidogo kutoka 100 mm kwenda 92 ili iingie kwenye ubao. Imetoka na mawimbi mawimbi usoni kama kitambaa cha pazia. Ngazi ya kijivu ilitoka safi.

---

Fundi_Bomba

Hapo kwenye 92 ndipo ulipoivuruga.

---

MkaaNaMasizi

Naam. Picha ikishatiwa nukta, kila pikseli ni amri ya ndiyo au hapana kwa mstari wake. Ukiipunguza, pikseli 1000 zinabanwa kwenye mistari 920, nyingine zinakutana, nyingine zinatoweka, kwa mpangilio unaojirudia. Huo mrudio ndio mawimbi yako. JPEG nayo imeongeza kijivu kando ya kila nukta, na programu ikazitia nukta upya juu ya nukta.

Rudi kwenye faili ya kijivu, ile ya kabla ya nukta. Ipe pikseli 920, noa upya, tia nukta, hifadhi PNG. Ukiiingiza LightBurn iwe 92 mm kamili kwa nafasi ya 0.1, uwashe Pass-Through ili programu isiiguse. Au acha nukta zote LightBurn izifanye yenyewe na wewe uipelekee kijivu kisafi, ndiyo njia rahisi zaidi kwa anayeanza. Chagua moja kati ya hizo mbili.

---

Mtumiaji_Mpya77

Naenda na ya pili. Ubao mwingine uko tayari, mandharinyuma nimeitoa.